Miti Iliyovuliwa Nguo

Kaa hana huruma, na mimi nampenda kwa hilo. Mpe mbegu ya mkoko iliyoanguka jana, ingali mbichi. Ataishika kwa gando lake jekundu, aiburute hadi mlangoni pa shimo lake, aanze kuitafuna pale pale panapotaka kuchipua. Hapotezi wakati na kwingine. Anaua kwanza, kula kutafuata. Mwaka wa tatu chuoni nilichagua kusomea mauaji hayo. Tunazifunga mbegu kwa uzi wa mshipi kwenye mizizi ya mikoko, bahari ikishajaa na kupwa tunarudi kuona zipi zimesalimika. Watu wa kwetu Pate waliponiuliza nasomea nini huko, niliwaambia nasomea kaa wanavyokula watoto wa miti. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema kumbe hata hayo yana shahada.

Asubuhi hiyo tulivushwa na kaka yangu Abdulwahid kwa mashua yake ya injini. Tulikuwa wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu Jabez, kijana wa Meru, mrefu, mwema mno, mtu wa kuomba radhi hata akikanyaga tope. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini, nami nikamwambia tope la kwetu litayachukua hayo mabuti na kumwacha peku kama Mungu alivyomuumba. Alicheka. Kaka hakucheka. Kaka ni mtu wa maneno machache, hasa shoka likiwa miguuni mwake.

Niseme mapema, nisije nikaonekana nimeficha: duniani sijampenda mtu kama Abdulwahid. Baba alipozama baharini, yeye ndiye aliyeacha shule akalishika shoka la baba na kuingia mikokoni kukata boriti, ili mimi nisome. Nikiumwa, yeye ndiye aliyenibeba. Nikipigwa shuleni, yeye ndiye aliyekwenda kumuuliza mwalimu kuna nini. Hasira zetu ni za nyumba moja, ila zangu hutokea mdomoni na zake hutokea mikononi. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Mama husema wa kwake ulizaa moto.

Tulikokwenda ni hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya mikoko nyuma ya kisiwa cha Pate. Ukingo wa huku ukataji wake ni wa kwetu tangu enzi za baba. Ukingo wa pili ni wa Abdulkadir, mtu wa Matondoni, naye amerithi kwa babake. Tulimpita amekaa kwenye rundo la miti aliyokata, ananoa shoka. Alikuwa peke yake, mwenziwe amepeleka mzigo Matondoni. Akatoa salamu, kaka akaitikia, wakaulizana habari za watoto na za wazee. Hawakuwa marafiki, lakini hawakuwahi kukosana.

Kaka alitushusha mdomoni mwa hori, kwenye mchanga, kisha akaenda na mashua ndani kabisa, iliko miti yake mizuri. Alikuwa hajafika huko kwa muda kwa sababu injini ilimharibikia. Kiwanja chetu cha utafiti kilianzia pale mchangani na kuishia huko huko ndani. Jabez ndiye aliyekipima na kukiwekea alama, wakati mimi nilikuwa nyumbani namuuguza mama homa. Kwa hiyo siku hiyo ndiyo niliyokiona kwa mara ya kwanza.

Tulianza kazi. Mbegu nyingi zilikuwa zimekwisha kuliwa, kumebaki uzi na kipande cha ngozi. Jabez aliingia chini ya tawi akakutana na kiota cha majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, wakamshukia shingoni. Akaruka, akajipiga makofi, buti moja likabaki topeni kama nilivyomtabiria. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mzizi. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka mikokoni.

Nilimsifu kwa kazi yake, kwa kuwa ilistahili sifa. Kila mti wa kiwanja alikuwa ameuzungushia tepe nyekundu ya plastiki, usawa mmoja, na namba juu yake. Akafurahi. Akasema hakuishia hapo, alifanya na usafi pia. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini watu wa Pate hutupa matambara mpaka juu ya miti, maana kule ndani aliyakuta mengi, yamefungwa vifundo, yanachakaa. Yote alikuwa ameyafungua na kuyatia kwenye gunia, nalo lilikuwa limetundikwa pale kwenye tawi, tulitoe leo tukalitupe jaani. Akalishusha anionyeshe.

Nilitia mkono nikatoa tambara moja. Lilikuwa jeupe, lina ukingo wa zambarau na uzi mweusi. Lilikuwa kikoi cha baba.

Mikokoni hakuna ua wala ukuta, na bahari hufuta kila alama ya chini. Kwa hiyo wakata miti wana desturi yao, ya zamani kuliko karatasi yoyote. Mtu akiuchagua mti, huufunga kipande cha nguo iliyovaliwa, yake au ya mzazi wake. Mti huo umevishwa. Mwingine akiukata, huyo ni mwizi, watamsema na atalipa. Lakini anayeuvua mti nguo hakuiba mti, amemvua mwenyewe nguo mbele za watu. Huyo hasamehewi. Yeye, na wanawe, na wajukuu wake, hawashiki shoka mikokoni tena, si Pate, si Matondoni, si Manda. Mimi ni mwanamke, sikati miti, lakini nilikuwapo nyumbani kaka alipokichana kikoi cha marehemu vipande vipande sakafuni, na mama akilia, na kaka akimwambia kwamba sasa baba atasimama mikokoni badala ya kuoza sandukuni.

Nilimuuliza Jabez amevua miti mingapi. Akasema yote aliyoiona. Nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa, mengine ni ya mama yake na hana kosa. Aliduwaa, ameshika gunia.

"Zilikuwa takataka tu, Umu," alisema.

Asubuhi nzima tulikuwa tukisikia mashoka mawili, la Abdulkadir ng'ambo, na la kaka akikwanyua matawi yaliyomzuia njia akielekea ndani. Sasa lilisikika moja tu. La kaka lilikuwa limenyamaza, nami nilijua macho yake yanaona nini. Anaona miti ya baba iko uchi, na kila mti umevishwa nguo nyekundu ya mtu mwingine. Na mtu mwingine katika hori lile ni mmoja tu.

Nilikimbia. Mikokoni hakukimbiki, mizizi inakushika miguu, chaza wanakukata nyayo, lakini nilikimbia nikianguka na kuinuka. Nilipotokeza ukingoni, kaka alikuwa tayari anavuka mkondo, maji kiunoni, shoka juu ya kichwa, anapiga kelele kwamba mwana haramu gani huyu amemvua baba yake nguo. Abdulkadir alisimama katikati ya miti yake iliyolala, mikono wazi, akimuuliza kuna nini, bwana, kuna nini. Pigo la kwanza alilipiga kwa kisigino cha shoka, likampata begani, na mimi nikiwa ng'ambo niliusikia mfupa ukivunjika.

Abdulkadir alianguka chali. Alipoinuka alikuwa na fito mkononi, akaizungusha kwa mkono uliobaki, ikamchapa kaka mdomoni. Meno yalitoka. Kaka akayatema na damu, akamrukia, wakaanguka wote wawili topeni, wakawa kitu kimoja cheusi kinachogaagaa, kinachong'ata, kinachokoroma. Kaka alimzamisha uso kwenye tope akamkalia shingo. Abdulkadir akampata kidole akakiuma mpaka kaka akalia. Nilivuka mkondo nikipiga mayowe. Jabez, na miguu yake mirefu, alinipita. Simsingizii mtu, na siku hiyo Jabez hakuwa mwoga. Alijitupa kati yao kuwaachanisha, kaka akamtia mpini wa shoka ubavuni, akajikunja akaanguka.

Nilikuwa nimeshafika. Kati yangu na kaka palikuwa pafupi kuliko kutoka upenuni hadi kisimani.

"Kaka, si yeye! Ni sisi! Zile tepe ni zetu!"

Nililisema hilo kabla shoka halijashuka. Baadaye ndani ya mashua aliapa kwa Mungu kwamba hakunisikia. Shoka lilishuka, safari hii kwa makali, likaingia paja la Abdulkadir juu ya goti, likakwama. Kaka akalitikisa kulichomoa, kama alichomoavyo kwenye gogo. Damu ikaruka, ikamwagika juu ya tope na kutambaa kwenye mashimo ya kaa, na kaa wakatoka.

Niliokota fito nikampiga kaka yangu mgongoni kwa nguvu zangu zote. Akageuka, shoka juu. Nilimtazama machoni nikaona kwamba hanijui. Kisha akanijua. Mikono ikamteremka, akaketi topeni.

Hapo niliwatukana wote wawili, mzima na aliyekatwa, huku nikivua mtandio wangu. Niliufunga paja lile juu ya jeraha, Jabez akaja akitambaa, anashika ubavu, akatia kijiti akausokota mtandio mpaka damu ikapungua. Haikukatika. Zahanati ya Pate isingeliweza jeraha lile, na hata hivyo bahari ilikuwa inakupwa, mashua isingefika Pate. Ilibaki hospitali kubwa ya mji wa Amu, na ndia ya Amu ni Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao maji yakipungua hugeuka tope. Nilimwambia kaka kama ana roho aende akalete mashua. Akaenda.

Tulimpakia Abdulkadir na shoka lake, maana aliliulizia. Kaka alishika injini, damu inamchuruzika kidevuni. Kichwa cha Abdulkadir kilikuwa mapajani mwangu. Jabez alikuwa amekishika kile kijiti, analia bila sauti. Nikamweleza kaka yote, neno kwa neno, juu ya kelele ya injini: tepe ni za kupimia, matambara Jabez ameyaona taka, gunia liko kule kwenye tawi, akitaka akalitazame. Nilimwambia amemkata mtu bure. Hakunitazama. Aliangalia mbele tu, na mkono wake ukaongeza moto wa injini mpaka mwisho.

Niliomba njia nzima. Na nisijifanye mtakatifu, sikumwombea Abdulkadir. Nilimwombea kaka. Niliomba mtu huyu asife ili ndugu yangu asiwe muuaji, ili arudi nyumbani jioni mama amwone. Kila Abdulkadir alipovuta pumzi nilimhesabia kaka.

Mkanda tuliukuta umeshapungua. Tulikwama katikati, ufuo wa Manda upo pale unaonekana. Tukashuka, kaka nyuma, Jabez ubavu wa kushoto, mimi wa kulia karibu na kichwa cha mgonjwa, tukaisukuma mashua juu ya tope, chaza wakitupasua miguu. Jabez kila akisukuma alitoa sauti ya mnyama, kwa ule ubavu. Abdulkadir alifungua macho. Aliniita binti, aliniuliza mimi ni wa nani, ingawa alinijua. Kisha akasema polepole, nami nikainama.

"Niliziona zile nyekundu juzi. Nikajua Abdulwahid kabadili nguo. Sikugusa mti hata moya."

Nikamwambia najua, Bwana Abdulkadir, najua.

"Waambie watu wa kwetu. Wanangu wasifungiwe ndia ya mikokoni."

Mashua ilisita. Nyuma kaka alikuwa ameacha kusukuma. Alisimama, mikono juu ya ubao, akimtazama mtu aliyemkata, na hapo nilijua kwamba safari hii amesikia, tena vizuri. Kisha akainamisha kichwa akasukuma kwa nguvu zilizonitisha, mashua ikateleza, ikaelea. Tulipanda. Abdulkadir alikuwa akitamka shahada, midomo tu. Kabla injini haijashika, mikono yangu ilihisi shingo yake imekuwa nzito.

Nilimfumba macho. Nikasema inna lillahi. Jabez alikuwa angali ameshika kijiti, hakutaka kukiachia, ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Kaka alizima injini. Tulielea pale, kila mtu akimwogopa mwenziwe. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinitia hofu kuliko mayowe ya hori. Alisema Amu hatuendi. Amu ni polisi na karatasi. Tunampeleka kwao Matondoni, kwa watu, na kwa watu mtu husema akasikilizwa. Atawaambia kwamba amemkuta Abdulkadir ameivua nguo miti yake na kuikata, wakapigana, na shoka halina macho. Kwa kosa hilo hakuna mtu wa Matondoni atakayeinua mkono, na hata mbele ya serikali wazee wao wenyewe watamwombea.

Nikamwambia hakuvua. Hakukata. Amesema mbele yako.

"Yeye ameshakufa, Umu," alisema. "Mimi ni hai. Mama ana nani?"

Kisha akamgeukia Jabez. Akamwambia ukifungua mdomo kuhusu matambara, kijana, watakukatakata palepale gatini, na mimi sitakuwa na la kuwazuia. Hakuwa akimtisha tu, alikuwa akisema kweli, na sote tulijua hivyo. Jabez alinitazama mimi. Nilimtazama maiti. Sikusema ndiyo wala la, na kaka akauchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, akawasha injini.

Nyie hamjui jinsi nilivyojishawishi. Nilijiambia aliyekufa hana hasara tena. Nilijiambia wanawe ni wadogo, watajifunza kazi nyingine, si lazima mtu akate miti. Nilijiambia kaka ameniosha, amenilisha, amenivusha. Mpaka Matondoni inaonekana, na nyundo za mafundi wa vyombo zinasikika, nilikuwa nimeshakubali. Nataka hilo lijulikane. Nilishuka kwenye ile mashua nimekubali kunyamaza.

Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine walipoona tunachokibeba. Kaka ndiye aliyembeba, mgongoni, akamlaza juu ya majamvi waliyoyatandika haraka. Mimi nikaliweka shoka la marehemu ubavuni mwake. Mdogo wake Abdulkadir, Sadiq, fundi, alikuja mbio kutoka chini ya chombo alichokuwa akikitengeneza, nyundo mkononi. Nyuma yake akaja mke wa Abdulkadir, Bi Kadija, na wanawe wamemshika buibui. Sadiq aliuliza swali moja tu, nani.

Kaka akasema, "Ni mimi." Sadiq akainua nyundo, na kaka, bila kurudi nyuma hata hatua, akaongeza yale mengine. Ameivua nguo miti yangu, alisema. Kikoi cha baba yangu, Mungu amrehemu. Amekivua akakitia guniani, akafunga vyake.

Sijawahi kuona watu wakizimika vile. Wanaume waliokuwa wamekunja ngumi walizikunjua. Mzee mmoja alitema mate pembeni akaondoka zake. Nyundo ya Sadiq ilishuka polepole mpaka ikagusa mchanga. Bi Kadija hakulia. Aliuvuta ukaya akaufunika uso wake wote, mbele ya maiti ya mumewe, kwa aibu, na wanawe wakabaki wakimtazama hawamwoni.

Kisha Sadiq akafanya inavyopasa kwa desturi yao. Aliinama akalichukua shoka la ndugu yake. Alilitazama kidogo, maana lilikuwa la baba yao, mpini umekuwa laini kwa mikono ya watu waliokufa. Akaenda nalo ukingoni akalitupa baharini. Mtoto mkubwa wa Abdulkadir alitaka kulikimbilia, watu wakamkamata mkono.

Kaka alikuwa ameinamisha kichwa, uso wa huzuni, damu imemkaukia kidevuni. Lakini mimi nimekua naye. Nilimwona akishusha pumzi. Nilimwona akipumua kama mtu aliyefika nyumbani. Na hasira ikanipanda kutoka miguuni, hasira ambayo mpaka leo siijutii na inanilaza macho.

"Muongo," nilisema.

Watu wote waligeuka. Jabez akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu uliokuwa peku, kwa nguvu, akaufunga.

"Tepe ni zangu, za masomo. Nguo niliziondoa mimi, sikujua ni nguo. Abdulkadir hakugusa mti hata mmoja. Aliniambia tukiwa Mkanda kabla hajafa, na kaka yangu amesikia kwa masikio yake."

Kaka aliinua kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Aliniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine analijua, mara moja tu, kama anayeuliza jambo. Sadiq alikuwa ameshaiokota nyundo.

Ilimpata kaka juu ya sikio. Alipiga magoti, na kabla hajaanguka walikuwa wameshamfikia, kwa makasia, kwa vipande vya mbao, kwa mawe ya kutilia vyombo uzito, kwa mateke. Mikono iliyokunjuka kwa aibu ilikunjika tena, na sasa ilikuwa na aibu ya kulipiza. Hawakunigusa mimi. Walinisukuma kando tu, kama kitu kilicho njiani. Jabez alijitosa kwenye lile kundi akipiga kelele kwamba ni yeye, ni yeye aliyevua, lakini aliisema kwa Kiswahili chake cha bara na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikiliza. Nilijaribu kupita niende kwa kaka. Kila nilipopata upenyo mgongo wa mtu uliuziba. Nilisikia mbao. Nilisikia sauti yake ikitoka kila mbao iliposhuka, kisha nikasikia mbao peke yake.

Mtu alinishika mkono. Alikuwa Bi Kadija. Ameuondoa ukaya usoni, macho makavu, na kwa mkono wa pili amewakusanya wanawe mbele yake, mkubwa na wadogo, amewaelekeza kwangu ili wanione.

"Rudia," aliniambia. "Hawa hawakusikia."

Nyuma yangu walikuwa bado wanapiga. Nikapandisha sauti ili watoto wasikie, nikarudia neno kwa neno.